Jino la Akinyi Juu ya Vigae

Siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu Penina, binti yake Akinyi aliketi mezani kwangu hapa Otonglo, akatoa jino lake la mbele kwa vidole viwili, akaliweka kwenye kisosi, kisha akaanza kula mahindi ya kuchoma. Alifanya hivyo bila haya yoyote, kama mtu anayevua saa ili anawe mikono. Bintiye Hawi, mwenye miaka sita, alikuwa akilitikisa jino lake mwenyewe la chini kwa ulimi, na alikitazama kile kisosi kwa wivu. "Mama, langu likitoka nalo nitaliweka hapo?" Tulicheka, kicheko cha watu waliolia siku nyingi mfululizo na sasa wanatafuta pa kupumzikia. Mimi nilicheka kuliko wote, na mimi ndiye niliyenyamaza wa kwanza. Jino lile la plastiki silijui, lilitengenezwa na fundi wa mjini. Lakini pengo linalozibwa nalo nalijua vizuri. Najua siku lilipopatikana, najua saa, na kwa miaka yote hii, ukiacha jirani mmoja siku ile ile, nilikuwa sijamwambia mtu saa hiyo ilikuwa ngapi hasa.

Mwaka wa siku hiyo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalinitosha kusoma gazeti. Wenzangu walitawanyika, huyu chuo cha ualimu, yule Nairobi, mwingine Port Victoria kununua samaki. Penina akaniambia, "Njoo ukae na mimi mpaka ujue unataka nini." Nikaenda. Ninachotaka sijakijua mpaka leo, lakini ninachopenda nilikijua wiki ya kwanza tu. Nilipenda kukaa nyumbani. Nyumba yake ya Milimani ilikuwa ya serikali, ya zamani, yenye paa la vigae vyekundu vilivyoanza kuota ukungu, jiko pana lenye meza iliyochanjwa na visu vya wapangaji wote waliotutangulia, saa ya ukutani juu ya mlango, na veranda ya saruji nyekundu iliyoshuka ngazi tatu hadi uani. Penina alikuwa mwalimu. Aliondoka asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Mimi nilibaki na funguo, sufuria, na kuanzia mchana, Akinyi, ambaye alitoka shule na njaa ya mtu aliyekuwa akilima. Nilimpikia omena, dagaa wa ziwani, kwa nyanya nyingi kama alivyotaka, nikamkagua masikio, nikamfundisha kusoma saa kwa duara nililokata kwenye katoni ya sabuni na kulitia mishale miwili. Aliniita Nera, yaani mjomba, na mbele ya marafiki zake alilitamka neno hilo kama cheo.

Jirani yetu wa ua wa pili, Mzee Barasa, hakuniita Nera. Aliniita ayah, yaani yaya. "Ayah! Leo tunakula nini?" angeuliza kupitia uwazi uliokuwa kwenye ua wa miiba, gazeti likiwa kwapani. "Kijana mzima, mabega kama kabati, na unapika uji mwepesi hivyo! Nani alikufundisha?" Mzee huyu alikuwa ametibu meno ya watu kwenye hospitali za serikali miaka mingi, akastaafu, na siku hizo alitibu waridi zake tu. Nilimjibu, "Mzee, wewe ng'oa magugu, niachie sufuria zangu." Tulipendana hivyo.

Mwaka huo pia ulikuwa mwaka wa meno. Akinyi alikuwa na miaka saba na nusu, na meno yake ya utoto yalikuwa yakidondoka moja baada ya lingine. Nyumbani kwetu jino la mtoto halitupwi jalalani. Linatupwa juu ya paa. Mnasimama mmeipa nyumba mgongo, mnaliomba jua lichukue bovu lilete zuri, jino linarushwa kupitia juu ya bega, kisha mnatembea mbele hatua saba bila kugeuka. Atakayeangalia nyuma, jino jipya haliji. Mimi ndiye niliyekuwa kasisi wa ibada hiyo, na niliifanya kwa mbwembwe, nikipiga sufuria kwa mwiko kabla ya kurusha. Hilo la kutoangalia nyuma nililitilia mkazo kuliko yote. "Ukigeuka tu," nilimwambia, "utakuwa kama Dani." Dani, bibi yetu, alitolewa meno sita ya chini alipokuwa msichana, kama walivyofanyiwa watu wa rika lake, na alipocheka ulimi wake ulionekana umekaa mlangoni. Akinyi alimpenda Dani, lakini hakutaka kufanana naye.

Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake Penina angepokea akina mama wa kanisa kwa maombi, na mimi, kwa kujipendekeza, niliamua veranda ing'ae hadi akina mama wajione nyuso. Nilipaka polishi nyekundu, nikaisugua kwa brashi, kisha nikafunga vipande vya blanketi miguuni na kuteleza huku na huku kama mcheza dansi mpaka ikawa kioo. Nilisimama uani nikiitazama kazi yangu kwa majivuno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka masikio yananipata moto. Akinyi alirudi, akavua viatu mlangoni kama nilivyomfundisha, akabaki na soksi. Nikamwita nikiwa uani, "Njoo uone!" Akaja mbio. Kwenye ukingo wa veranda miguu yake ilitangulia, kichwa kikarudi nyuma, mwili ukajipindua, na mdomo wake ukatua kwenye ncha ya ngazi ya kwanza. Nilisikia sauti ndogo, kavu, kama ya kijiko kinachogonga kikombe. Halafu kimya. Ni kile kimya kilichonifanya nikimbie, kwa sababu mtoto anayelia yuko hai.

Alipolia, damu ilitoka kwa wingi niliodhani mtoto wa ukubwa ule hana. Nilimbeba hadi jikoni, nikamketisha juu ya meza, saa ikiwa juu ya kichwa chake, na niliona wazi: saa tisa kasorobo. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka kwa ndani na ufizi ulikuwa na shimo. Nikamsukutua kwa maji ya chumvi, nikamkunjia kitambaa safi aking'ate, nikamkumbatia nikimwambia pole, pole, pole, neno ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalihitaji. Kisha nikarudi kwenye ngazi, nikaliokota jino. Nililishika kwenye kiganja na nikafikiri, kwa akili zangu timamu, "Hili limekomaa kweli." Lilikuwa refu. Lilikuwa na mzizi. Yale matatu tuliyoyatupa kabla yalikuwa mafupi kama punje za mchele, hayana mzizi wowote. Zaidi ya hayo, jino la nafasi ile ile tulikuwa tumeshalirusha miezi mingi nyuma, na hakuna mtoto anayeng'oka jino moja la utoto mara mbili. Hata mtu aliyepata D ya hesabu angeweza kuifanya hiyo. Lakini mimi sikuwa nikifanya hesabu. Nilitaka kilio kikome kabla ya Penina kurudi, na nilijua njia moja tu ya kugeuza jino lililotoka liwe sherehe.

"Akinyi, umekuwa mkubwa!" nikasema upesi, kama mwizi. "Twende tulitupe." Tulisimama uani, yeye na kitambaa mdomoni, mimi na jino mkononi. Sufuria sikupiga. Nikaliomba jua haraka haraka, nikarusha kwa nguvu zote, nikamshika mkono. "Usiangalie nyuma," nikamwambia. Tukatembea hatua saba.

Mzee Barasa alipita kwenye uwazi wa ua kabla hatujarudi ndani. Alikuwa amesikia kilio. "Ayah, umemfanyia nini mtoto?" Utani ulikuwa bado mdomoni mwake alipoinua kile kitambaa na kutazama. Halafu utani ukaisha, na sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika upesi namna ile. "Jino liko wapi?"

"Tumelitupa, Mzee. Juu ya paa."

"Juu ya nini?"

"Ni la utoto, Mzee, litaota lingine—"

"La utoto? Kijana, hili ni jino la kudumu! Ncha yake haikuwa na vimeno kama msumeno? Hakuna lingine nyuma yake. Hili ndilo alilopewa mpaka azeeke." Alitazama saa yake. "Liling'oka saa ngapi?"

"Saa tisa kasorobo."

"Sasa ni tisa na robo. Jino likirudishwa ufizini mapema linaweza kushika. Nusu saa, vizuri. Ikipita saa moja, likiwa limekauka, daktari anaweza kukataa hata kulijaribu. Leta ngazi yangu. Na maziwa, kama yapo."

Nilimgeukia Akinyi. "Uliona lilipoangukia?" Alinitazama kwa macho makubwa, akatikisa kichwa. Hakuona. Bila shaka hakuona, kwani si nilimfundisha vizuri?

Mimi ni mtu wa sakafuni. Sipandi miti, sipandi ngazi, na kama ghorofa ya kwanza ina sehemu ya kukaa, ya pili siihitaji. Siku hiyo nilipanda ngazi ya Mzee Barasa hadi juu ya paa la Milimani, nikatambaa juu ya vigae vya moto kwa magoti na viganja, na kila kigae kilicholia chini yangu kilinikumbusha uzito wangu. Mabati yangeteremsha kila kitu, lakini vigae vina mikunjo, na katika kila mkunjo mlikuwa na kitu cheupe: kipande cha chokaa, kinyesi cha ndege, ganda la konokono, mbegu. Niliokota, nikatazama, nikatupa. Mzee alipiga kelele toka chini kila baada ya muda. "Tisa na dakika ishirini na tano!" "Tisa na nusu, kijana!" Tumbili wanaokuja kila alasiri kutoka upande wa ziwa walikuwa wameshaanza kupita juu ya kuta. Mmoja aliketi kwenye kona ya paa, akaokota kitu kidogo cheupe, akakigeuza vidoleni, akakipeleka kinywani. Nilimrushia ndala yangu na kumtukana kwa Dholuo, Kiswahili na Kiingereza changu cha shule. Akakitema. Nikatambaa kwa kifua hadi pale. Ilikuwa mbegu ya mpapai.

"Mtoto, toka hapo!" nikasikia Mzee akisema. Nikachungulia. Akinyi alikuwa ametoka kwenye kiti alichowekewa, amekwenda kusimama kando ya pipa la maji, chini kabisa ya mfereji wa bati unaozunguka paa. Kitambaa kilikuwa kimelowa chote. Alisimama tu, uso umeelekea juu. "Akinyi, ondoka, kigae kitakuangukia!" nikapiga kelele. Hakuondoka. Nikasema tena kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwake. Akaanza kulia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, na miguu haikusogea hata inchi moja. Nikateremka upande ule, kumfokea vizuri kutoka karibu. Mkono wangu ukashika ukingo wa mfereji ili nisianguke, na pale, kati ya majani makavu na tope la mvua ya juzi, lilikuwa jino.

"Shika kichwa cha jino!" Mzee alikuwa akipiga kelele. "Usiguse mzizi! Usilisugue, wewe!" Alilisuuza mwenyewe kwa maziwa, akalitia kwenye kikombe cha chai cha Penina, akamwaga maziwa mengine juu, akanipa kikombe na kusema nisimwage hata tone. Gari lake la zamani lilikataa kuwaka mara ya kwanza, likakataa ya pili, na nilisali kwa mara ya kwanza tangu mitihani. Nilikaa nyuma, Akinyi amenilalia upande mmoja, kikombe upande mwingine, na katika kila shimo la barabara nilikipandisha kikombe hewani kama padri.

Hospitalini Mzee alitushusha mlangoni akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Ndio maana nilikuwa peke yangu. Daktari wa meno alikuwa mama mwembamba, mpole, aliyemwita Akinyi mrembo kabla ya kumgusa. Alitazama jino kwenye maziwa, akafurahi. "Nani amekufundisha maziwa? Vizuri sana." Kisha akachukua kalamu. "Liling'oka saa ngapi?"

Ukutani, juu ya kabati lake, kulikuwa na saa kubwa ya duara. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Saa nzima na dakika ishirini na tano, kavu juani, kisha topeni. Niliyasikia maneno ya Mzee: anaweza kukataa. Nikasema, "Kama nusu saa, daktari."

Aliandika. Akinyi, akiwa amelala kwenye kile kiti kirefu, aliiangalia saa ya ukutani, kisha akaniangalia mimi. Nilijiambia ni maumivu. Daktari akamdunga sindano ya ganzi, akalisafisha jino, akalirudisha mahali pake kwa kidole gumba taratibu, akalifunga na meno ya jirani kwa waya nyembamba. "Kwa nusu saa, tuna matumaini makubwa," akasema. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kimoja kilikuwa ndala ya kushoto, kingine kiatu cha Mzee Barasa.

Jumamosi akina mama wa kanisa walikuja. Nilikuwa jikoni nikiponda viazi vya Akinyi, maana kwa siku nyingi alikula laini tupu: viazi, uji, supu ya samaki niliyoichuja mara mbili nikiogopa mfupa. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi. Nikamsikia Penina akisimulia. "Huyu ndugu yangu mnamwona mzembe, lakini jana kama si yeye! Nusu saa tu alikuwa kwa daktari. Na kikombe cha maziwa mkononi. Mimi mwenyewe ningezimia." Akina mama wakasema Mungu ambariki. Niliendelea kuponda viazi vile mpaka vikawa gundi. Laiti angenifokea kwa ajili ya ile polishi! Alijua kuhusu polishi, nilimwambia, akanisamehe papo hapo. Alinisamehe kosa dogo na kunisifia lile kubwa. Dani alipokuja wiki iliyofuata alimwambia Akinyi afungue mdomo, akautazama ule waya, akafungua wake. "Mimi yalikwenda sita, mjukuu wangu, na hakuna samaki aliyenishinda. Wewe unalia kwa moja?" Akinyi akacheka kwa mara ya kwanza, kiganja kikiwa mdomoni. Mazoea hayo ya kiganja yalimganda mpaka shule ya upili.

Jino lilishika. Lilishika miaka mitano, na kwa muda huo nilikaribia kuamini mwenyewe ile nusu saa yangu. Kisha likaanza kuwa la kijivu, likabaki fupi wakati mengine yakikua, na mwisho mzizi wake ukaliwa kwa ndani ukaisha. Likatolewa. Penina alimlaumu daktari, na Mzee Barasa, aliyeijua saa, alikuwa ameshahama. "Alituambia matumaini makubwa! Yule mama alilirudisha vibaya." Alisema hivyo nyumbani, akasema kanisani, akasema shuleni kwake kila mtoto wa mtu alipoumwa jino: msiende kwa yule. Miaka mingi nilimsikia akiliharibu jina la mwanamke ambaye kosa lake lilikuwa kuniamini. Nilikuwa na sentensi moja ya kumwokoa nayo. Niliibeba sebuleni, niliibeba kwenye harusi ya Akinyi, niliibeba mwezi uliopita hadi kando ya kitanda cha Penina hospitalini, na pale alinishika mkono akasema, "Wewe umenitunzia mtoto." Nikasema, "Pumzika, dada." Tukamzika. Nimejiuliza kama nilidanganya ili jino lirudishwe, au ili nisionekane mjinga. Nadhani ilikuwa yote mawili, na la pili lilikuwa zito kidogo kuliko la kwanza.

Basi mezani, mbele ya kile kisosi, Hawi alipokwenda uani kulitikisa jino lake kwa utulivu, nilianza. "Akinyi, kuna kitu kuhusu jino lako."

"Hata mimi, Nera," akasema. Aliweka gunzi chini. "Nianze mimi, nisije nikaogopa. Mimi niliangalia nyuma."

Sikumwelewa.

"Siku ile. Ulisema nisiangalie, nikaangalia. Nililiona likigonga kigae, likaruka, likaingia kwa mfereji pale juu ya pipa. Uliponiuliza nikakataa. Niliogopa ukijua nimegeuka utasema jino halitaota tena." Alijaribu kucheka. "Nikaenda kusimama pale chini nikidhani utaona mwenyewe. Wewe unatafuta huko juu na tumbili. Lilipoharibika nilijua ni mimi. Mama alipomsema daktari, nilikuwa nalala kwa tumbo, uso kwenye mto."

Niliuona tena uso ule mdogo ulioelekea juu, kitambaa kinachodondosha damu, na sauti yangu ikimfokea aondoke. Kwa miaka yote nilikuwa nimejisifu kimoyomoyo kwamba angalau mkono wangu ndio ulioliona.

"Haikuwa nusu saa," nikasema hatimaye. "Nilimdanganya daktari. Ilikuwa—"

"Saa moja na dakika ishirini na tano." Alilirudisha jino lake la plastiki mahali pake kwa ulimi, kwa sauti ndogo ya kubofya. "Nera, kwani ni nani alinifundisha saa?"

Tulikuwa bado tunatazamana hivyo, wazee wawili wa kosa moja, Hawi alipoingia mbio, damu kidogo kidevuni, jino kiganjani, punje ya mchele isiyo na mzizi wowote. Nililikagua pande zote. Akinyi akalikagua. Hawi akachoka. "Tulitupe sasa!" Tulitoka uani. Nyumba yangu ya Otonglo ni ya mabati, chini, yenye kutu upande wa mvua, nyumba ya mtu asiyependa ngazi. Hawi akaipa mgongo kama alivyosikia hufanywa, akafumba macho kwa nguvu. "Nisiangalie, eti?"

"Geuka," mama yake akamwambia. "Rusha ukiangalia."

Nikamshika bega nikamgeuza. Akarusha. Tulisimama watatu, shingo juu, tukalifuata likipanda, likigonga bati mara moja, ting, likiteremka mgongoni mwa bati na kuingia kwenye mfereji, na Hawi akanyoosha kidole moja kwa moja.

"Liko pale," akasema. "Nimeliona."

"Kesho," nikamwambia Akinyi, "nitakwenda mjini kumtafuta yule daktari."

"Tutakwenda," akasema.